Kuwapima warushaji wa timu ya taifa ya kriketi: kaunta buku, macho na mfano wa Uganda

Usiku wa tarehe 5 Juni 2024, pale Providence nchini Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea. Mipira 24. Alitoa mikimbio minne tu, yaani pointi nne, akachukua wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili, na ova mbili kati ya hizo nne hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Alikuwa na miaka 43, mkongwe kuliko wachezaji wote wa Kombe la Dunia la T20, kriketi ya ova 20 kwa kila timu, mwaka ule. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 6, na walioamka wakashika simu walikuta Uganda imepata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia.

Siku mbili kabla yake, uwanja uleule, timu ileile, mambo yalikuwa mengine. Wapigaji wawili wa kwanza wa Afghanistan, Rahmanullah Gurbaz na Ibrahim Zadran, walifikisha mikimbio 154 kabla Uganda hawajapata wiketi hata moja.

Basi warushaji wa Uganda ni wazuri au ni wabaya? Nimewasikia mashabiki wakibishana swali hili mpaka chai inapoa, kila mmoja ameshika mechi yake moja mkononi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutoka kwenye ubishi huo: kocha wa klabu, nahodha anayejiandaa kukutana na timu fulani, au mpenzi wa mchezo mwenye penseli na subira. Nitaitumia Uganda ya 2024 kama mfano kwa sababu ni timu ya jirani, mechi zake ziko wazi kwa kila mtu, na ilipitia ya juu na ya chini ndani ya wiki mbili.

Kwanza maneno. Mrushaji ni yule anayeuleta mpira kwa mpigaji. Ova ni mipira sita halali. Doti ni mpira ambao haukuzaa mkimbio wowote. Spina ni mrushaji wa polepole anayeuzungusha mpira ili ugeuke ukidunda. Vijiti ni vile vitatu vilivyosimama nyuma ya mpigaji. Mengine tutayakuta njiani.

Hatua ya 1: Andika swali juu ya ukurasa

"Warushaji wao wakoje?" si swali, ni mazungumzo. Swali ni kama hili: tukikutana nao kwenye T20, pichi (ule ukanda wa katikati mpira unapodunda) ikiwa ya polepole, nani atatutoa na nani tunaweza kumpiga? Au: kama mimi ndiye nahodha wao, ova ya 18 nimpe nani?

Aina ya mechi ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Kwenye T20 mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova nne, kwa hiyo timu inahitaji warushaji watano kwa uchache, na wenye akili hubeba sita au saba. Kwenye mechi ya ova 50 kila mmoja ana kumi. Kwenye Test, mechi ndefu ya siku tano, hakuna kikomo. Mtu anayeng'ara kwa ova nne anaweza kuchakaa akipewa kumi, na mwenye subira ya Test anaweza kuadhibiwa vibaya kwenye T20. Ukichanganya takwimu za aina mbili za mechi kwenye ukurasa mmoja, chana ukurasa huo uanze upya.

Hatua ya 2: Wapange kwa kazi, majina yafuate

Chora jedwali. Upande mmoja andika kazi: kasi ya mkono wa kulia, kasi ya mkono wa kushoto, spini ya kidole ya mkono wa kulia, spini ya kidole ya mkono wa kushoto, spini ya kifundo cha mkono. Upande wa pili jaza majina. Kwa Uganda ya 2024 jedwali lilikuwa hivi: kasi ya kulia, Cosmas Kyewuta, Juma Miyagi na Bilal Hassun. Kasi ya wastani ya kushoto, Dinesh Nakrani. Spini ya kidole ya kushoto, Alpesh Ramjani na Henry Ssenyondo. Spini ya kidole ya kulia, Nsubuga. Spini ya kifundo cha mkono, ile inayoitwa legi spini, nahodha mwenyewe Brian Masaba.

Kabla hujagusa takwimu yoyote, jedwali limeshaanza kusema. Spina ni wanne. Wa kasi wapo, lakini hakuna wa kilomita 145 kwa saa, yule anayemfanya mpigaji arudi nyuma hata kabla mpira haujatoka mkononi. Hii ni timu ya kukaba, ya kumnyima mpigaji pumzi.

Sasa angalia mpira unageukia wapi. Spina wa kidole wa mkono wa kushoto huugeuza mpira uende mbali na mpigaji wa mkono wa kulia. Legi spini vilevile. Maana yake Ramjani, Ssenyondo na Masaba, kwa mpira wao wa kawaida, wote watatu wanamkimbiza mpira mpigaji wa kulia, na wote watatu wanamletea mpira mwilini mpigaji wa kushoto, jambo ambalo wengi wa mkono wa kushoto hulipenda kama sikukuu. Aliyekuwa anageuza kinyume ni mmoja tu, Nsubuga. Kwa hiyo udhaifu wa kwanza umepatikana bila kutazama hata mpira mmoja: ukiwapangia Uganda wapigaji wawili wa mkono wa kushoto katikati ya mechi, mzigo wote unamwangukia mzee wa miaka 43. West Indies, kwa mfano, walikuwa na Nicholas Pooran, wa mkono wa kushoto.

Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kufikia wastani na asilimia. Mimi naiona nusu ya kazi.

Hatua ya 3: Andika mpira kwa mpira

Kadi ya mechi itakupa namba nne za mrushaji: ova, ova zisizo na mkimbio, mikimbio, wiketi. Nsubuga dhidi ya Papua New Guinea ni 4-2-4-2. Ni mwanzo mzuri, lakini inaficha mengi. Chukua kaunta buku, ile yenye miraba ikipatikana, na umpe kila mrushaji mstari wake. Kila mpira mraba mmoja. Nukta kwa doti, namba kwa mikimbio, W kwa wiketi, X kwa mpira uliopita mbali mno na mpigaji ukahesabiwa waidi. Kama mechi huioni, tovuti za ESPNcricinfo na ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi) huweka maelezo ya kila mpira kwa mechi za kimataifa, na unaweza kujaza miraba yako jioni ukiwa umetulia.

Halafu hesabu vitu vitatu.

Doti kwanza. Aliyetoa mikimbio minne kwenye mipira 24 ana doti zisizopungua 20, kwa hesabu ya kawaida tu, maana mipira iliyozaa kitu haiwezi kuzidi minne. Doti ndizo zinazomfanya mpigaji aanze kutazama ubao, kisha apige mpira ambao hakupaswa kuupiga. Na mara nyingi faida yake humwendea mwenzako wa upande wa pili, yule ambaye ova zake zinapishana na zako. Katika mechi ile ya Providence, Miyagi aliondoka na wiketi 2 kwa mikimbio 10, Ramjani 2 kwa 17 na Kyewuta 2 kwa 17, na Papua New Guinea wakaishia 77. Ukimpima Miyagi peke yake utasema ni moto. Ukiangalia nani alikuwa anabana upande wa pili, utasema ni moto uliopuliziwa.

Pili, mipira mibaya ya bure: waidi, noboli (mpira uliorushwa kinyume cha sheria), na ile mipira mifupi ya spina inayokaa kiunoni ikingoja kupigwa. Mpe kila mmoja alama ya mshangao. Mrushaji mwenye alama moja kwa ova anaweza kuishi. Mwenye mbili hawezi, hata kama siku hiyo wapigaji walimkosa.

Tatu, mfuatano. Ukiona nukta tano na mpira mmoja wa mikimbio sita, halafu tena nukta nne na mpira mmoja wa mikimbio minne, huyo anajenga kisha anabomoa mwenyewe. Wastani wake wa mikimbio kwa ova utaonekana wa kawaida na hutajua tatizo liko wapi. Miraba ndiyo itakayomfichua.

Hapa lazima nimtaje Asif Karim, mtoto wa Mombasa, maana bila yeye somo la doti halikamiliki. Tarehe 15 Machi 2003, Durban, Kenya ilikuwa imepata 174 na Australia, mabingwa wa dunia, wanazifuata, yaani wanatafuta kuzipita. Karim, mwenye miaka 39 na aliyekuwa amerudishwa kutoka kustaafu, alirusha ova 8 na mipira 2, ova sita bila mkimbio, akatoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3, Ricky Ponting akiwa mmoja wao. Mipira 50, mikimbio saba. Australia walishinda kwa wiketi tano, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Hata hivyo, mpimaji mwenye roho ngumu ataandika pembeni: Australia walihitaji 175 tu na ova walikuwa nazo tele, kwa hiyo wangeweza kumvumilia huyu mmoja na kumalizana na wengine. Nimeliandika kwa shingo upande, lakini nimeliandika. Wiketi tatu ni halali yake, hakuna wa kuzipunguza. Ule uchache wa mikimbio, sehemu yake ni ustadi na sehemu yake ni wapigaji ambao hawakuwa na haraka.

Kwa hiyo kando ya kila mfululizo wa doti andika neno moja: "walishambulia" au "walisubiri".

Hatua ya 4: Kata mechi vipande

T20 ni mechi tatu ndani ya moja. Ova ya 1 hadi ya 6, wazuiaji (wale wanaoukimbilia na kuudaka mpira) wawili tu wanaruhusiwa kukaa nje ya duara lililochorwa uwanjani, kwa hiyo mpira ukiwapita walio ndani mara nyingi ni mikimbio minne. Ova ya 7 hadi ya 15, watano wanaweza kukaa nje, na spina hupumua. Ova ya 16 hadi ya 20, wapigaji hawana cha kubakiza.

Mpe kila mrushaji namba zake kwa kila kipande. Usimlinganishe anayerusha ova ya 8 na anayerusha ova ya 19, ni sawa na kumlinganisha dereva wa daladala ya Jumapili asubuhi na wa Jumatatu saa kumi na mbili.

Turudi Afghanistan. Walimaliza na 183 kwa wiketi 5. Masaba alitoa 21 kwa ova zake nne akachukua wiketi 2. Kyewuta 25 kwa ova nne, wiketi 2. Jumla ya hao wawili ni mikimbio 46 kwa ova nane. Zilizobaki, mikimbio 137, zilitoka kwenye ova 12 za wenzao, pamoja na zile za ziada. Hiyo ni zaidi ya mikimbio 11 kwa ova. Timu moja, siku moja, na tofauti kati ya wawili na wengine ni kama timu mbili.

Kisha angalia wakati. Wiketi ya kwanza ilianguka Afghanistan wakiwa na 154, tuko ova ya 15. Kutoka hapo mpaka mwisho waliongeza 29 tu na kupoteza wapigaji watano. Mtu wa haraka ataandika: "Uganda: wabovu mwanzo, imara ova za mwisho." Nami niliandika hivyohivyo. Weka kidole hapo, tutarudi.

Kuhusu mwanzo hakuna ubishi. Hakukuwa na mrushaji wa kuvunja ndoa ya wapigaji wawili wa kwanza. Mpira mpya unaoyumba hewani ni silaha ya ova tatu nne za kwanza. Usipopata wiketi hapo, wapigaji wameshaizoea pichi, spina wako wa kukaba wanawakuta wameshika usukani.

Hatua ya 5: Jogoo wa shamba

Jogoo wa shamba hawiki mjini, wanasema wahenga, na kwenye kriketi ya nchi zisizocheza Test methali hii inapaswa kubandikwa ukutani. Mwaka 2023 Alpesh Ramjani alichukua wiketi 55 za T20 za kimataifa katika mechi 30. Hakuna aliyewahi kufikisha idadi hiyo kwa mwaka mmoja kabla yake, na ICC ilimweka kwenye kikosi chake cha T20 cha mwaka. Ni kazi kubwa, tusiipunguze. Lakini wengi wa waliotolewa ni wapigaji wa ngazi yake, wa timu za kanda yetu.

Gawa kila ukurasa safu mbili: wiketi dhidi ya wanachama kamili wa ICC, wale wanaocheza Test, na wiketi dhidi ya wengine. Usizijumlishe kamwe. Kwa mrushaji wa timu ndogo safu ya kwanza itakuwa fupi, mechi mbili tatu, lakini hizo mbili tatu ndizo zinazojibu swali lako.

Mfano wa safu ya kwanza ni tarehe 26 Novemba 2023, Windhoek, kwenye mchujo wa Afrika ambao Tanzania, Kenya na Rwanda nazo zilikuwepo. Katika timu saba za pale, Zimbabwe peke yake ndiyo iliyokuwa mwanachama kamili. Uganda waliwazuia kwenye 136 kwa wiketi 7, Nakrani akichukua 3 kwa mikimbio 14, kisha wakazifuata na kushinda kwa wiketi tano. Ushindi ule ndio uliowafungulia njia ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo anayesema warushaji wa Uganda waliwahi kufanya kazi dhidi ya vibonde tu hajasoma ukurasa wake mwenyewe.

Safu hiyohiyo inatuonyesha kitu kingine. Ukichukua mechi mbili za Kombe la Dunia ambazo wapinzani wakubwa walipiga ova zote 20, Afghanistan na West Indies, Uganda walichukua wiketi kumi kwa jumla. Masaba peke yake alichukua nne: 2 kwa 21, halafu 2 kwa 31. Legi spini, ile inayotoka kwenye kifundo cha mkono, ndiyo iliyowasumbua wakubwa kuliko spini ya kidole. Mechi mbili ni chache, na sitajenga nyumba juu yake. Ila ni dalili inayofanana na ya Kenya mwaka 2003. Tarehe 24 Februari, Nairobi Gymkhana, Collins Obuya na legi spini yake aliwatoa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24, na mpaka Kenya inafika nusu fainali alikuwa na wiketi 13. Wapigaji wakubwa wamewaona spina wa kidole tangu utotoni. Mpira usiojulikana utaelekea wapi ndio unaowafanya wasite.

Pia legi spini ni chombo kinachovunjika. Obuya huyohuyo, miaka minane baadaye, tulimwona kwenye Kombe la Dunia akiwapiga Australia mikimbio 98 bila kutolewa pale Bangalore, akiwa mpigaji. Ukikuta timu inategemea legi spina mmoja, andika jina lake kwenye safu ya nguvu na kwenye safu ya udhaifu pia.

Hatua ya 6: Pichi na hewa

Hapa nitapita haraka. Providence mwaka ule ilikuwa pichi ya polepole, mpira ukikaa chini. Kwenye nusu fainali iliyochezwa palepale tarehe 27 Juni, spina wa India, Axar Patel na Kuldeep Yadav, waliwachukulia England wiketi tatu tatu, na England wakaishia 103. Kwa hiyo Nsubuga alikuwa nyumbani kwa maana ya udongo. Mikimbio minne pale si sawa na mikimbio minne kwenye pichi ngumu na mpaka mfupi. Kampala na Windhoek ziko juu, hewa ni nyepesi na mpira uliopigwa husafiri. Guyana iko usawa wa bahari. Andika jina la uwanja juu ya kila ukurasa, na wastani wa mikimbio ya timu zote pale kwenye mashindano hayo. Mrushaji umpime dhidi ya wastani huo, si dhidi ya hisia zako.

Hatua ya 7: Sasa tazama kwa macho

Takwimu zimekwambia nani na lini. Video ndiyo itakwambia kwa nini. Tazama mara mbili. Mara ya kwanza usitazame mpira kabisa, mtazame mrushaji tangu anapoanza kukimbia mpaka mkono unapita sikio.

Kwa wa kasi, je, kichwa chake kinabaki wima anapotua au kinaangukia pembeni? Kikianguka, mpira utapotelea upande wa mguu wa mpigaji, na zile X zako zimepata maelezo. Je, mkono unapunguza mwendo anapotaka kurusha mpira wa polepole? Wapigaji wa ngazi ya juu wanausoma mkono huo kama gazeti. Kwa spina, tazama mpira unavyotoka. Unapaa juu ya macho ya mpigaji kabla ya kushuka, au unakwenda umenyooka kama mkuki? Wa kukaba kama Nsubuga huusukuma chini na haraka kidogo, akigusa palepale kila mara. Hataki kukutoa kwa uchawi, anataka uchoke.

Mara ya pili tazama mahali mpira unapodunda. Pichi kutoka vijiti hadi vijiti ni mita 20.12. Chora mstatili, uweke nukta kila mpira unapogusa. Kwa wa kasi, eneo zuri ni takriban mita 6 hadi 8 kutoka kwenye vijiti vya mpigaji: karibu mno kwa mpigaji kurudi nyuma, mbali mno kwa kuufuata mbele. Miguuni kabisa ni yoka, mpira wa ova za mwisho. Spina hukaa karibu zaidi na mpigaji kuliko wa kasi. Chora mistatili miwili, mmoja wa wapigaji wa kulia na mwingine wa kushoto. Mrushaji bora ana nukta zilizokusanyika kama kunguru kwenye jalala. Mwenye nukta zilizotawanyika pichi nzima hajui mpira wake unakwenda wapi, na hata wiketi zake ni bahati.

Kwa kila wiketi, rudia mpira huo na ujiulize: mrushaji aliipata au alipewa? Vijiti kugongwa, mguu kuzuia mpira mbele ya vijiti, mpira kugusa ukingo wa gongo na kudakwa na kipa, hizo mara nyingi ni za mrushaji. Kudakwa mpakani ova ya 19 baada ya mpigaji kufumba macho, mara nyingi ni zawadi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na shabiki huziita zote "za ustadi". Kama unampima mrushaji wa nchi yako, mwombe mtu mwingine akufanyie hatua hii.

Hatua ya 8: Tupa mechi zisizosema kitu

Tarehe 14 Juni, Trinidad, Uganda walitolewa kwa mikimbio 40. New Zealand walizifuata kwa ova 5 na mipira 2, wiketi moja imeanguka. Warushaji wa Uganda walipata mipira 32 ya kutetea kitu kisichoteteeka. Usimpime mtu kwa mechi hiyo. Weka alama ya mkasi pembeni, pita.

Lakini liandike jambo moja nje ya jedwali: katika mechi zao tatu dhidi ya wakubwa Uganda walipata 58, 39 na 40. Mrushaji anayejua wapigaji wake hawatafika mia hurusha kwa woga, akitafuta wiketi kila mpira, na huko ndiko mipira mibovu inakotoka. Sehemu ya udhaifu wa warushaji wale ilikuwa kwenye magongo ya wenzao.

Hatua ya 9: Ripoti ya ukurasa mmoja, kisha mtihani

Ripoti isizidi ukurasa, na kila udhaifu uambatane na la kufanya. Hii niliiandika Uganda wakiwa wamecheza mechi mbili, kabla ya kukutana na West Indies tarehe 8 Juni:

"Masaba: tishio kubwa kwa wapigaji wetu bora. Msimshambulie ova yake ya kwanza, chukueni mkimbio mmoja mmoja. Kyewuta: wiketi nne kwa mechi mbili, ndiye wa kasi mwenye nidhamu, heshimuni ova zake. Nsubuga: atabana, hatawatoa msipomlazimisha. Wapeni wa mkono wa kulia kazi ya kumkabili, maana mpira unawajia. Ramjani na Ssenyondo: ingizeni wa mkono wa kushoto mara wanapoanza. Mpira mpya: hakuna wa kuwatisha, ova sita za kwanza ni zenu. Ova za mwisho: imara."

Usiitupe ripoti baada ya mechi. Ifungue kesho yake, penseli mkononi, ujisahihishe. West Indies walipata 173 kwa wiketi 5. Mstari wa Masaba ulisimama, alichukua mbili. Wa ova za mwisho ulianguka: Andre Russell aliingia mwishoni na kuondoka na mikimbio 30, hajatolewa. Nikarudi kwenye ukurasa wa Afghanistan, kwenye zile 29 za mwisho nilizokwambia uweke kidole. Wale walioingia baada ya Gurbaz na Zadran walikuwa wapya, wakilazimika kupiga kutoka mpira wa kwanza kwenye pichi ya polepole. Nilikuwa nimewahesabia warushaji shida ya wapigaji. Nikafuta "imara", nikaandika juu yake: "bado, tafuta mechi nyingine tatu".